Kasi Siyo Kila Kitu: Nilichojifunza Kwenye Banda la Kuku Isongole

Ukitaka kuanzisha ubishi usiku hosteli kwetu, usihangaike kutaja Simba na Yanga. Taja mtandao. Mmoja atatoa simu, atapima kasi ya intaneti na kukuonyesha megabiti 30. Mwingine atampiku na 45. Wa tatu atawaambia nyote mna laini za kimeo. Mimi nilikuwa hodari wa ubishi huo, na imani yangu ilikuwa moja tu: kasi ikiwa kubwa mtandao ni mzuri, kasi ikiwa ndogo mtandao ni mbovu.

Imani hiyo imegharimu vifaranga 38. Na hawakuwa wangu, walikuwa wa mama.

Nimeamua kuandika kwa sababu mwaka huu naona wenzangu wengi wa mwaka wa mwisho wamechagua miradi ya nyumba zinazojiendesha: taa inayojiwasha, pampu inayojizima tenki likijaa, geti linalofunguka kwa simu. Ni miradi mizuri. Lakini karibu kila mmoja ninayezungumza naye anaanza na swali lile lile nililoanza nalo mimi: "Ipi ina kasi zaidi?" Nataka nieleze kwa nini swali hilo likitangulia linakupoteza, na ni wapi linapaswa kuulizwa.

Ilivyokuwa

Nyumbani kwetu ni Isongole, wilaya ya Ileje, mkoa wa Songwe. Kwa wasiopajua: ukitoka Mbeya unaelekea Tunduma, kabla hujafika mjini unakatia kushoto pale Mpemba, unashika lami kama kilomita 50 hadi mpakani. Ng'ambo ya mto Songwe ni Malawi. Ukisimama uwanjani kwetu simu inaweza kukukaribisha nchi ya watu na kurudisha saa nyuma kwa saa moja nzima, maana wenzetu wa Malawi wako nyuma yetu kwa saa moja. Ni sehemu ya milima na mabonde, kahawa na migomba, na mwezi wa sita baridi yake haina utani.

Mwaka jana mama alichukua mkopo kwenye kikoba chao akanunua vifaranga chotara 150. Kifaranga wa wiki ya kwanza anahitaji joto la nyuzi 32 hadi 35. Jirani zetu wengi hutumia jiko la mkaa lililofunikwa kwa chungu, lakini mama alikuwa na umeme, akafunga taa ya joto. Tatizo la taa ile ni kwamba inakula LUKU kama haina akili nzuri. Ukiiacha usiku kucha, uniti zinayeyuka. Ukiizima, lazima uamke kila baada ya saa moja ukaangalie.

Nikaona hapo ndipo pa kuonyesha kwamba ada hailipwi bure. Likizo ya Pasaka nilitengeneza mfumo. Bandani niliweka kipimajoto, bodi ndogo ya Arduino na rilei ya kuwasha na kuzima taa. Ndani ya nyumba, umbali wa mita kama 35, niliweka boksi la pili lililokuwa ndiyo ubongo: linapokea joto kutoka bandani kila baada ya sekunde 10, linaamua, kisha linatuma amri ya "washa" au "zima". Maboksi yalizungumza kwa redio ndogo ya nRF24L01+, ile ambayo nusu ya darasa letu tunaitumia kwa kuwa ni ya bei rahisi. Boksi la ndani pia lilikuwa limeunganishwa kwenye ruta ya laini ya simu, ili nikiwa chuoni nione joto la bandani kwenye simu yangu.

Redio ile ina gia tatu: kilobiti 250 kwa sekunde, megabiti 1 na megabiti 2. Mnadhani nilichagua ipi? Megabiti 2, bila kufikiri mara mbili. Nikajisemea, mtu mwenye gari lenye gia kubwa atatembeaje na gia ya kwanza?

Nilijaribu mchana, ikafanya kazi vizuri. Mama akafurahi, nikarudi chuoni kifua mbele.

Mwezi wa sita, siku mbili kabla ya test, mama akapiga simu alfajiri.

"Shikamoo mama."

"Marahaba. Baba, vifaranga wamekufa."

"Wangapi?"

"Nimeokota kumi na tisa. Wengine wamelaliana kwenye kona. Taa ilikuwa imezima."

Nilifungua simu nikakuta taarifa za usiku zina mapengo. Nikahitimisha palepale: mtandao uko slo. Boom lilikuwa limeingia wiki hiyo hiyo, nikakata sehemu yake nikanunua ruta mpya yenye kasi kubwa kuliko ile ya zamani, nikaituma kwa basi. Siku zile mbili mama alirudi kwenye jiko la mkaa, halali. Ruta ilipofika, mdogo wangu aliiunganisha na kuipachika juu kabisa ya boksi langu, mahali ambapo mimi mwenyewe nilimwelekeza kwa simu. Nikamwambia mama, "Sasa imepona, leo ulale."

Akalala. Asubuhi akaokota wengine kumi na tisa.

Safari hii hakupiga yeye, alipiga mdogo wangu. Ijumaa nikapanda basi kwenda nyumbani.

Kilichokuwa kimetokea

Nilikuta vitu viwili. Cha kwanza, baridi ilipoanza mama alikuwa ameziba madirisha ya banda kwa bati, jambo la busara kabisa kwa mfugaji. Lakini bati ni chuma, na mawimbi ya redio hayapiti kwenye chuma, yanagonga na kurudi. Mawimbi yangu yalibaki yakitafuta upenyo kwenye mianya ya mbao na mlangoni, yakafika nyumbani yakiwa yamechoka. Mfumo niliojaribu Pasaka wenye madirisha ya wavu haukuwa mfumo ule uliokuwa unafanya kazi mwezi wa sita.

Cha pili kiliniuma zaidi. Ruta niliyoinunua ilikuwa inarusha Wi-Fi kwenye masafa ya gigahazi 2.4, ambayo ndiyo masafa ya ile redio yangu ndogo. Nilikuwa nimepanga redio yangu kwenye megahazi 2440. Ruta ilikuwa kwenye chaneli ya 6, ambayo katikati yake ni megahazi 2437 na hutanuka kama megahazi 10 kila upande. Yaani nilimwambia mdogo wangu aweke spika ya diskoteki juu ya sikio la mtu anayejaribu kusikiliza mnong'ono kutoka mita 35. Kasi niliyoinunua kwa boom ilikuja kuzidisha ugonjwa.

Jioni ile, mama alikuwa anamwita shangazi yangu ambaye shamba lake liko upande wa pili wa bonde. Aliita kama watu wa milimani wanavyoita: jina moja, silabi zimevutwa ndefu, kisha kimya cha kusubiri jibu, kisha tena. Nilimuuliza kwa utani kwa nini asimwambie habari yote haraka haraka wamalize.

"Nani atasikia?" akasema. "Ukiwa mbali unavuta neno. Haraka ni ya watu walioketi pamoja."

Mama hajui redio ya nRF24L01+ ni kitu gani. Lakini kwa sentensi ile alikuwa ametaja kanuni ambayo nilifundishwa darasani, nikajibu swali lake kwenye mtihani nikapata alama, bila kuielewa.

Kwa nini polepole husikika mbali

Biti ni alama moja, sifuri au moja. Redio ikituma megabiti 2 kwa sekunde, kila biti inapewa nusu ya milioni moja ya sekunde. Ikituma kilobiti 250, kila biti inapewa sehemu nne za milioni ya sekunde, yaani muda mrefu mara nane. Nguvu ya kurusha ni ile ile. Kwa hiyo biti ya polepole inabeba nishati mara nane zaidi, na kipokezi kinapata muda mara nane zaidi wa kuisikiliza na kuamua: hii ni moja au sifuri? Tena, mazungumzo ya polepole yanahitaji mlango mwembamba zaidi wa masafa, na mlango ukiwa mwembamba kelele zinazoingia zinapungua.

Uhusiano huu wa kasi, upana wa masafa na kelele ulipangwa kihisabati na Claude Shannon, mtafiti wa Bell Labs, mwaka 1948. Ukiondoa hesabu, maana yake ni hii: kila njia ya mawasiliano ina kikomo chake, na ukilazimisha kasi mahali ambapo sauti ni dhaifu na kelele ni nyingi, makosa yatakula ujumbe wako.

Sasa tuangalie namba. Karatasi ya maelezo ya mtengenezaji wa chipu ile, Nordic Semiconductor wa Norway, inasema kwenye megabiti 2 kipokezi kinaweza kusikia mawimbi dhaifu hadi desibeli hasi 82, na kwenye kilobiti 250 hadi hasi 94. Tofauti ni desibeli 12. Ukiitafsiri, kwenye gia ndogo sikio linasikia mawimbi yaliyo dhaifu karibu mara 16 zaidi, na kwenye uwanja wa wazi umbali unaongezeka karibu mara nne. Bila kununua antena kubwa, bila senti moja, kwa kubadilisha mstari mmoja tu wa programu.

Karatasi hiyo nilikuwa nayo kwenye laptop tangu mwanzo. Nilisoma ukurasa wa kwanza, nikaona "megabiti 2", nikafunga.

Je, tunapoteza nini tukienda polepole?

Hapa ndipo swali la kasi linapaswa kuulizwa, na hujibiwa kwa kuhesabu, siyo kwa kubishana.

Ujumbe wa "washa taa" kwenye mfumo wangu una baiti moja. Ukiongeza vichwa vyake, yaani utangulizi, anwani, sehemu ya udhibiti na ile ya kukagua makosa, unapata biti 81. Kwa kilobiti 250, biti 81 zinapita hewani kwa milisekunde 0.32. Kwa megabiti 2 zinapita kwa milisekunde 0.04. Kwa hiyo kasi kubwa iliniokolea milisekunde 0.28. Rilei yenyewe, kile kichuma kinachojivuta ndani yake, inaweza kuchukua milisekunde 10 kugusa. Kupepesa jicho ni zaidi ya milisekunde 100. Na kifaranga anayesikia baridi hawezi kujua kama amri ya taa ilichelewa robo ya milisekunde. Atajua kama haikufika.

Tuhesabu na wingi. Taarifa moja ya bandani ilikuwa baiti 8: joto, unyevu, hali ya taa na vikorokoro vingine. Kila baada ya sekunde 10 ni taarifa 8,640 kwa siku, ambazo ni baiti 69,120. Picha moja ya status yako ya WhatsApp inaweza kuzidi hapo. Siku nzima ya maisha ya vifaranga 150 haijazi picha moja ya msosi!

Mfano mwingine unaoujua vizuri ni LUKU. Ukinunua umeme unapewa tarakimu 20. Ndani ya tarakimu hizo, kwa mujibu wa kiwango cha kimataifa kinachotumiwa na mita za kulipia kabla, kuna biti 66 tu. Biti 66 zinaibeba idadi ya uniti zako pamoja na ulinzi wa kuzuia usizitengeneze mwenyewe, na mara nyingi "mtandao" wa kuzifikisha kwenye mita ni kidole chako. Nyumba nzima inawaka. Hakuna anayelalamika kwamba kidole hakina 4G. Tunalalamika pale token inapochelewa kuja au mita inapoikataa, na hayo ni mambo mengine kabisa, siyo kasi.

Lori na bodaboda

Hapa tutenganishe vitu viwili ambavyo ubishi wa hosteli huvichanganya. Kimoja ni kiasi cha data kinachopita kwa sekunde. Kingine ni muda ambao ujumbe mmoja unachelewa njiani.

Waliopita Tunduma wanajua foleni ya malori. Lori linabeba tani 30, bodaboda inabeba mtu na begi. Ukihesabu mzigo, lori limeshinda. Lakini kama unataka karatasi moja ifike upande wa pili sasa hivi, utaipa lori lililo kwenye foleni au bodaboda? Nyumba inayojiendesha inatuma karatasi moja moja. Washa. Zima. Nyuzi 33. Mlango umefunguliwa. Inachohitaji ni ujumbe mdogo ufike, ufike mapema, na aliyeutuma ajue kwamba umefika.

Wabunifu wa teknolojia za nyumbani walilijua hili zamani, ndiyo maana walichagua kasi ndogo kwa makusudi. Zigbee, inayotumika kwenye taa nyingi za kisasa kama Philips Hue, imejengwa juu ya kiwango cha IEEE 802.15.4 kilichotoka mwaka 2003, na kasi yake kwenye gigahazi 2.4 ni kilobiti 250. Thread, ambayo ni mdogo wake, inatumia kiwango hicho hicho. Z-Wave, iliyozaliwa Denmark, ilianza na kilobiti 9.6, ikaongeza 40 na baadaye 100, na inatumia masafa ya chini ya gigahazi moja ambayo yanapenya kuta vizuri zaidi. LoRaWAN, inayopendwa kwa mashamba na hifadhi, inakwenda kati ya kilobiti 0.3 na 50, na ujumbe wake unaweza kusafiri kilomita kadhaa kwa betri ndogo. Hakuna kati ya hizi inayoweza kukuonyesha mechi ya Simba. Hazikutengenezwa kwa kazi hiyo.

Tena, hiyo kilobiti 250 ya Zigbee ni kasi ya hewani, siyo unayoipata mkononi. Toa vichwa vya ujumbe, toa majibu ya "nimepokea", toa muda wa kusikiliza kama hewa iko huru. Na ujumbe ukipokezanwa na vifaa viwili au vitatu kabla ya kufika, kila mmoja anaurudia kwenye chaneli ile ile, kwa hiyo kinachobaki kinapungua zaidi. Ukisoma namba kwenye boksi la kifaa, kumbuka kuna safari kati ya boksi na ukweli.

Lakini kasi ina mahali pake

Nisije nikaeleweka vibaya, mtu akatoka hapa akasema mhariri ameruhusu tutukane kasi. Kuna mambo matatu ambayo kasi kubwa inaleta faida ya kweli nyumbani.

La kwanza ni picha na sauti. Kamera ya ulinzi inahitaji megabiti kadhaa kwa sekunde. Hapo Zigbee haiwezi, tumia Wi-Fi au waya.

La pili ni kusasisha programu ya kifaa. Faili la kilobaiti 200 ni vipande vingi kwa redio ya kilobiti 250 ambayo pakiti yake kubwa kabisa ni baiti 127. Kwa karatasi ni sekunde chache, kwa uhalisia inaweza kwenda dakika nyingi. Kama mradi wako una vifaa 40, panga hilo mapema.

La tatu ndilo la ujanja, na ndilo msimamizi wangu aliniuliza siku ya kuwasilisha: msongamano na betri. Hewa ni barabara ya njia moja. Ujumbe unaokwenda haraka unakaa barabarani muda mfupi, unawaachia wengine nafasi, na kifaa kinarudi kulala mapema kuokoa betri. Kwa hiyo vifaa vikiwa vingi na viko karibu karibu, gia kubwa inaweza kuwa bora. Lakini hii inafaa pale tu ujumbe unapofika mara ya kwanza. Redio yangu ikikosa jibu, inarudia hadi mara 15. Kurudia mara 15 kwa haraka kunakula betri na hewa kuliko kusema mara moja polepole ukasikika. Usiku ule redio ya bandani ilipiga kelele mpaka alfajiri, na waliokuwa wanaisikia ni vifaranga peke yao.

Nilivyorekebisha

Nilibadilisha mambo manne, na nayapanga kuanzia dogo.

Nilishusha redio kwenye kilobiti 250. Nilihamisha chaneli hadi megahazi 2480, juu ya mahali Wi-Fi ya ruta ilipo, na ruta yenyewe nikaipeleka chumba kingine. Nilitoa redio ya bandani nje ya bati, nikaipandisha kwenye ubao ikaiona nyumba, na nikaiwekea kapasita ya mikrofaradi 10 kwenye miguu ya umeme, kwa sababu chipu hizi zikikosa umeme uliotulia zinakuwa na deko. Baada ya hayo matatu, mapengo kwenye kumbukumbu za usiku yakaisha kabisa isipokuwa pale umeme ulipokatika.

Lakini la nne ndilo kubwa, na halihusu kasi hata kidogo. Nilihamisha ubongo. Kwa nini kipimajoto kilicho bandani kiombe ruhusa kwa boksi lililo nyumbani ili kiwashe taa iliyo bandani? Sasa uamuzi unafanyika palepale bandani, kwa waya wa sentimita 20. Redio inatoa taarifa tu. Ruta ikizima, laini ikihamia Malawi, mimi nikiishiwa bando, taa inawaka na kuzima kama kawaida. Na kipimajoto chenyewe kikifa, programu inawasha taa na kuiacha inawaka, maana kifaranga akizidiwa na joto anasogea pembeni, lakini akizidiwa na baridi hana pa kwenda zaidi ya kumlalia mwenzake. Awali mfumo wangu ukikosa amri ulikuwa unabaki ulivyo. Usiku zile mbili ulibaki umezima.

Umeme wa TANESCO ukikatika, jiko la mkaa na chungu viko pembeni. Mama alikataa kuviondoa, na ana haki.

Kwa wenzangu wa mwaka wa mwisho

Kabla hujaenda kununua vifaa, kaa na karatasi na ujibu haya. Ujumbe wako una baiti ngapi, na unatumwa mara ngapi kwa siku? Ukichelewa sekunde moja nani ataumia? Usipofika kabisa nani ataumia, na kifaa kitafanya nini kikiwa peke yake? Kati ya kisambazi na kipokezi kuna nini leo, na kutakuwa na nini baada ya miezi miwili, mvua ikinyesha au mwenye nyumba akiongeza bati? Nani mwingine anatumia masafa hayo? Ukimaliza kujibu hayo yote, sasa uliza kasi. Mara nyingi utakuta jibu limeshajipa, na ni dogo kuliko ulivyodhani.

Na jaribu usiku. Jaribu milango ikiwa imefungwa. Mimi nilijaribu mchana kweupe, banda liko wazi, nimesimama na boksi mkononi kama mtu anayepiga picha ya mahafali.

Vifaranga 112 waliobaki walikua. Mama aliuza majogoo kwanza, akabakiza mitetea. Marejesho mawili ya kikoba aliyalipa mwenyewe, la tatu lilipelea na nililichangia kwa boom lililofuata, ndiyo maana mlinikuta nakula mihogo muhula mzima mkadhani nafanya diet. Hajawahi kunilaumu. Ila mwezi uliopita alichukua kundi jipya la vifaranga 100, na usiku wa kwanza nilimpigia kumuuliza kama taa inafanya kazi.

"Inafanya," akasema. "Lakini nimeamka mara mbili kuangalia."

Nikamwambia asiamke, mfumo sasa uko sawa.

"Najua, baba. Hata mara ya pili ulisema hivyo."

Kwa hiyo nimeongeza kitu kimoja: taa ndogo ya kijani nje ya banda, inayoonekana kutoka dirisha la chumba chake, inayowaka kama joto liko sawa. Ni biti moja. Ndiyo pekee anayoitumia.